Komanda anakunywa kahawa katika kikombe changu

Admin, nakuomba kwa jina la Mungu, ondoa jina langu na picha yangu kabla hujaweka maneno haya. Nanyi mtakaosoma, msimtumie maneno haya mtu yeyote wa Baraka. Mji wetu ni mdogo, na anayehusika ana bunduki.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, karani katika bureau, yaani ofisi, moja hapa Baraka. Nimeoa, hatujapata mtoto. Mshahara unachelewa hadi tunausahau, kwa hiyo anasa yetu nyumbani ni moja tu: kahawa. Bamama, akina mama wanaoteremka kutoka Lubondja milimani, huuza kahawa kavu yenye maganda, kwa bei ya chini kwa sababu vita vimewafukuza wanunuzi wakubwa. Mke wangu huitwanga, huipepeta katika ungo, kisha hukaanga kiganja kimoja tu katika sufuria kuukuu, juu ya makaa machache, akikoroga bila kuacha. Hakaangi ya kesho, anasema kahawa iliyolala imekufa. Anaisaga katika kinu kidogo, anaichemsha na tangawizi, anaichuja kwa kitambaa. Sukari hatuna. Tunainywa na kiazi kitamu cha moto, na utamu wa kiazi unatosha. Zamani alikuwa anaonja katika kikombe changu kwanza, halafu ananipa. Niliona hakuna tajiri wa dhahabu wa Misisi anayenizidi.

Tatizo ni harufu. Kahawa ikikaangwa huwezi kuificha. Watu wenye bunduki walipoweka kambi nyuma ya mtaa wetu, asubuhi moja komanda wao alisimama mlangoni. Kwetu mtu hawezi kukukuta na kikombe mkononi ukanyamaza. Nikasema, "Karibu kawa, komanda." Nilisema kwa adabu na kwa woga. Akaketi.

"Mama karani," akamwambia mke wangu, "hii kawa yako inanukia mpaka kwetu. Unatutesa!"

Mke wangu akacheka. Tangu hapo anakuja kila asubuhi. Nilimpa kikombe changu cha bati, kile cha harusi, maana ndicho kizuri. Sasa mimi nakunywa katika cha plastiki. Siku nyingine alileta sukari. Mke wangu aliitia kijiko baada ya kijiko, akamwuliza yeye, si mimi, "Iko muzuri?"

"Karani, we uko na bahati," komanda akaniambia. "Muke kama huyu ungemupata wapi, na mushahara yenye haifikake?"

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka. Nikiwa bureau naandika huku ninawaona akilini wameketi. Siku moja komanda alichelewa, nikamwona mke wangu anatazama njia.

"Unamungoja?" nikamwuliza.

"Mi nangoja moto ishike, bwana yangu. We unangoja nini?"

Nisiseme uongo: tangu aanze kuja, wezi wa usiku wamevunja nyumba za jirani, yetu hawajaigusa. Mke wangu alinikumbusha hilo nilipolalamika. Lakini mtu hulindwa hivi, huku anakonda kwa wivu?

Jumatano ya wiki hii komanda alimaliza kikombe akakifuta kwa kidole, akasema, "Siku ya yenga tunaenda Lubondja. Bakubwa banatoka Lulimba. Mama karani atakuja kutupikia kawa kule, atarudi siku ya kwanza." Alimaanisha wakubwa wao watakuja kutoka Lulimba, na mke wangu alale huko Jumapili, arudi Jumatatu.

"Naweza kumusindikiza," nikasema.

"We unajua kukaanga?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Karani, kuko neno?"

"Hapana, komanda."

Ulimi wangu ulijibu kabla yangu. Alipoondoka nikamgeukia mke wangu kwa ukali wote ambao sikuwa nao mbele ya komanda. Nikamwuliza kama anafurahi, kama ndiyo sababu alifua kitenge chake kipya. Akasema:

"Sasa ndiyo unaniuliza mi? Mbele yake ulisema hakuna neno. Ule mutu akifanya mzaha, nisicheke? Mi naogopa kuliko we. Nilitazama njia nijue akija na wangapi. We uliona mapenzi."

"Na sukari?"

"Sukari ni sukari! Unataka niimwage mbele yake?"

Aliingia ndani akalia. Tangu siku hiyo hajakaanga; komanda akija anamwambia kahawa imekwisha. Anasema tukimbie alfajiri kwa mtumbwi, twende kwa mama yake upande wa Uvira. Najua anasema kweli. Lakini wivu haujaondoka, unanitafuna hata ninapoandika: namwuliza moyoni mbona yeye mwenyewe hakumwambia komanda kwamba haendi? Kisha najibu, nami mbona sikumwambia? Tukikimbia napoteza kazi, na wazazi wangu wanabaki hapa, komanda anajua nyumba yao. Tukibaki, Jumapili inafika. Na nikienda kumkatalia komanda uso kwa uso, mimi na mke wangu nani atamzika mwenzake?

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliopita katika vita hivi na wake zenu, niambieni la kufanya. Msiniambie mke ni mbaya. Hilo nimejiambia vya kutosha.

Andikeni hapa chini, nitasoma nikiwa bureau. Mwenye neno la siri ampe admin, naye atanifikishia. Admin, ukinitumia ujumbe kwenye simu usianze kwa kumtaja komanda. Uliza kwanza kama kahawa ya Lubondja bado ipo, kama mnunuzi; nikijibu ipo, endelea. Niandikie mchana, kabla ya Jumamosi. Usipojibiwa usirudie kuandika. Huenda simu iko mkononi mwa mtu mwingine.