Pete Niliyoitafuta kwa Maua ya Mama Nekesa

Nitawaambia lakini msinicheke sana, maana hadi leo nikipita mtaa wetu wa zamani, Laini Saba, naona haya. Ilikuwa miaka ya sabini, tunaishi mlango kwa mlango na Mama Nekesa, na mbele ya nyumba yake alikuwa amepanda maua ya majani manene yaliyojaa maji, yanatambaa chini kama mkeka, jua likiwaka mwezi mzima yenyewe yanazidi tu kunenepa, na kila anayepita lazima asimame, "Mama Nekesa, wewe una mkono wa maua!" na mimi niko hapo hapo na waridi langu limekauka kwa mkebe (nilishalimwagilia hadi chai) hakuna hata mmoja ananiuliza habari.

Basi Jumapili moja nikajifanya mgonjwa, sikuenda kanisani. Majirani walipoondoka nikachuchumaa penye maua, nikanyofoa kipande, nikakiingiza kifuani, nikaongeza kingine, na kingine, wivu ulikuwa umenishika vibaya, kumbe mhubiri ndiye alikuwa mgonjwa wa kweli na ibada imeisha mapema. Nikasikia viatu nyuma yangu.

"Mama Atieno, unatafuta nini hapo?"

Mama Nekesa mwenyewe, na kina mama wenzake sita! Nikaona kidole changu kitupu (nilikuwa nimevua pete nikifua nguo), mdomo ukajisemea, "Pete yangu ya ndoa imeanguka!"

Si ningesema sindano tu! Kina mama wakapiga magoti na nguo zao za kanisani, na Mama Nekesa akaanza kung'oa maua yake kwa mikono yake, anayakung'uta, anayatupa kando.

"Wacha, mama, utayaharibu," nikamwambia, karibu nilie.

"Maua yataota. Pete haioti."

Hapo mume wangu akatoka nyumbani ameinua pete. "Si hii hapa? Umeiacha kwa sabuni!"

Nikasimama haraka, na vile vipande vikaanza kudondoka kutoka kifuani, kimoja kimoja, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama Nekesa akaniangalia, akasema polepole, "Si ungeniomba tu?" Kisha akakusanya maua aliyong'oa (kumbe kila kipande ukikichomeka tu kinaota), akawagawia kina mama, na mimi akanipa fungu kubwa kuliko wote. Hilo ndilo liliniuma.

Nikaapa, na sijavunja: nikitamani kitu cha mtu, namwambia machoni, "Nipe kidogo." Akininyima, naenda zangu.