Chokaa Kwenye Boliti za Usukani

Fundi aliyenifundisha kazi mjini Tanga alikuwa mla tambuu, na chokaa ya tambuu ndiyo iliyokuwa sahihi yake. Kila boliti ya usukani au ya breki aliyoikaza akaridhika nayo, aliipaka tone la chokaa kwa dole gumba. Mwenye gereji hakujua hata kushika spana, lakini alikuwa na sheria moja: gari lisilo na chokaa halitoki. Wenye magari nao walizoea. Walifunua boneti, wakainama, wakaliona tone, wakaenda zao.

Mimi nilikuwa Mshambaa, Mlutheri, nimeshuka kutoka milimani na sanduku la bati. Nilipanga chumba Makorora kwa watu ambao hawakuwa wabaya, ila hawakuwa wangu. Jioni walikaa barazani. Nikiwasalimu waliitikia vizuri, kisha mazungumzo yao yakaendelea bila mimi. Jumapili ilikuwa mbaya zaidi, maana baada ya ibada sikuwa na pa kwenda. Mji mzima mtu aliyenitania alikuwa mmoja tu, fundi yule. "We mtu wa mlimani," alikuwa akiniambia, "jua likichomoza tu washayeyuka kama samli. Si ungebaki na viazi vyako?" Nilikuwa nikiamka asubuhi nangoja kuambiwa hivyo. Mtu asiye na wa kumtania ataelewa ninachosema.

Katikati ya miaka ya hamsini, meneja wa shamba moja la mkonge upande wa Muheza, Mzungu, alinunua gari la mbio. Lilikuwa refu mbele, fupi nyuma, na chini mno, ukikaa ndani makalio yanahesabu kokoto. Gari zuri, sitalisingizia. Lakini aliyelibuni aliishi nchi ya baridi. Bomba la ekzosi alilipitisha kando kabisa ya fimbo ya usukani, na katikati ya fimbo ile palikuwa na kiungo: kisahani cha mpira na turubai, upana wa kiganja, kimefungwa kwa boliti nne, kinachounganisha kipande cha juu cha fimbo na cha chini ili mitikisiko ya barabara isimfikie dereva mikononi. Kwao huenda kilidumu. Kwetu kiliokwa. Meneja alikuja analalamika kwamba anakata kona leo, gari linageuka kesho. Fundi akakifungua kisahani, akakibonyeza, kikamegeka kama mkate mkavu.

Kingine kingekuja kwa meli, na meli haina haraka na mtu. Fundi akamwomba meneja kipande cha mkanda mkuukuu wa korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, maana mkanda ule nao ni mpira na turubai, tabaka juu ya tabaka. Tukakata kisahani, tukatoboa matundu manne. Kisha akakunja kipande cha bati, akakifunga kati ya ekzosi na kile kiungo. "Kisahani hiki kitoto," aliniambia. "Bati ndiye mama. Usikiache kitoto peke yake na moto." Gari likaenda karibu mwaka.

Kisahani kilipochoka tena, fundi alikuwa kwao Tongoni, mazikoni. Meneja akaja Ijumaa asubuhi. Kesho yake alikuwa na mashindano na wenzake wa mashamba mengine, na gari analitaka jioni ile ile. Nikakata kisahani kipya mwenyewe, na nasema bila haya kwamba nilikikata vizuri kuliko kile cha kwanza. Wakati wa kurudisha bati, boliti mojawapo ya kulishikia ikakatika, kipande kikabaki ndani ya tundu. Kukitoa kulihitaji nusu siku. Nikainua kichwa, nikamkuta meneja amesimama. "Tayari, fundi?" akaniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniita fundi. Nikasema tayari.

Bati nikalisukuma chini ya lundo la vyuma chakavu, nikijiambia kwamba Jumatatu gari litarudi nilifunge. Ikabaki chokaa. Kijaluba cha fundi, kikopo chake cha tambuu na chokaa, kilikuwa pale juu ya rafu, maana mazikoni alikwenda kwa haraka akakisahau. Nikakifungua, nikachovya kidole, nikapaka boliti zote nne. Mwenye gereji akaja, akainama, akaona tone, akatoa ruhusa. Hakukumbuka hata kwamba mwenye chokaa hayupo.

Jumatatu fundi alirudi, gari halikurudi. Nilitaka kumwambia. Alikuwa amefiwa, nikaona nimwache kwanza. Jumanne alinitania, nikaona nisiharibu. Basi siku zikapita hivyo, kila moja na kisingizio chake.

Baada ya wiki mbili gari lililetwa likivutwa na lori. Kisahani kilikuwa kimeungua na kuchanika. Meneja alizungusha usukani kwenye kona, gari likaenda moja kwa moja mtaroni. Alivunjika mkono. Alikuja na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, uso mwekundu, akafunua boneti mbele yetu wote. Boliti nne zilikuwa palepale, kila moja na tone lake jeupe.

"Chokaa hii ni ya nani?" mwenye gereji akauliza.

Fundi akainama. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akasimama akajifuta mikono. "Chokaa yangu," akasema.

Akafukuzwa saa ile ile. Mimi nilisimama karibu naye kiasi cha kumgusa. Alipanga vyombo vyake alasiri nzima, spana moja moja, anaifuta, anaitazama, anaiweka. Sijapata kumwona mtu mwepesi vile akifanya kazi polepole vile. Alipofunga kikapu aliniangalia usoni. "Huna neno?" akaniuliza.

Nikadhani ananiaga. "Sina neno, fundi," nikamjibu. "Safari njema."

Nikawa fundi mimi. Gereji ikawa kimya, nasikia nyundo yangu mwenyewe tu. Nilikula peke yangu, nikarudi Makorora peke yangu, na sasa hata kutukanwa viazi sikutukanwa. Nilinunua chokaa yangu sokoni nikaendelea kupaka, kwa kuwa sheria ilibaki.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja nikafungua usukani wa lori kuukuu, na chini ya grisi nikakuta tone la fundi. Lilikuwa jekundu kidogo, rangi ya udongo. Nikaenda kwenye gari jingine alilowahi kulifunga, nikakuta vilevile. Mla tambuu hushika katu, ule utomvu wa kahawia unaotafunwa pamoja na tambuu, kwa vidole vile vile, na katu ikigusana na chokaa huiva ikawa nyekundu. Dole gumba lake halikuwahi kuacha tone jeupe maishani. Mimi ambaye situmii tambuu nilidhani chokaa ni chokaa. Nilikaa chini sakafuni na tochi mkononi, nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Nilipanda lori la barabara ya Pangani, nikashuka Tongoni, nikauliza nyumba yake. Alikuwa ameketi mlangoni na kijaluba mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akageuza kichwa kutafuta sauti ilikotoka. Macho yalikuwa yamefunga utando mweupe.

"Ni mimi, fundi. Wa gereji."

"Nimekujua."

Nikamwambia kesho asubuhi nitakwenda kwa mwenye gereji nimweleze kila kitu, amrudishe kazini.

"Kamweleze," akasema. "Lakini mie macho yashafunga duka. Mwaka ule ndo ulokuwa wa mwisho kuona boliti." Akatema mate mekundu pembeni. "Nlisema chokaa yangu. Kidole sikusema changu. Nkapanga vyombo jua mpaka likapinda, nkikungoja. Nkakuuliza kwa mdomo wangu, huna neno? Ukanambia huna." Akafunga kijaluba. "Haya. Sasa unalo?"

Nikasema ninalo. Nikamsimulia tangu boliti iliyokatika, bati chini ya vyuma, lile neno fundi lililonilevya, kidole changu ndani ya chokaa yake. Nililia, sikujificha, ingawa yeye hakuona. Alinisikiliza hadi mwisho. Akamwita mkewe aniletee chai, nami nikainywa. Akaniuliza hali ya wazazi wangu, kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, kisha akanikumbusha kwamba lori la kurudi Tanga hupita alasiri nisije nikalikosa.

Jua lilikuwa kali mno siku ile, na jasho lilinitiririka hadi kwenye kikombe. Hakunitania hata mara moja.