Vitunguu Saumu Vyekundu vya Bibi

Wiki iliyopita nilipanda Lushoto kumwona mdogo wangu wa kike, na kwa kuwa magoti yangu hayataki tena vilima, nikapumzika sokoni. Mbele yangu binti mmoja alikuwa amepanga vitunguu saumu vyeupe pe, vikubwa, vyote sawasawa. Nikachukua kimoja, nikakibonyeza shingo, nikalikwaruza ganda kwa ukucha, nikanusa.

"Shikamoo bibi," akaniambia yule binti. "Hivyo ni vya kula tu, usivipime kama unaposa."

Nikacheka, nikanunua viwili, nikaenda zangu. Lakini nikwambie ukweli, tangu siku ile nimechoka, na si uchovu wa safari.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, katika kijiji cha upande wa Bumbuli, kule ambako ukungu huondoka saa unayotaka wenyewe. Bibi alipanda aina mbili za vitunguu saumu. Cheupe kilikuwa na kichwa kikubwa, shingo laini, na punje nyembamba zilizobanana. Kilifaa kwa mboga, ila masika yakifika ukikibonyeza unakuta ganda tupu. Chekundu kilikuwa kidogo, rangi ya udongo wetu, punje nne au tano nene zimezunguka kijiti kigumu. Ukikiponda kwenye mchunga, ile mboga chungu ya kulia bada, ugali wetu wa muhogo, mikono inanuka mpaka kesho yake. Na kilidumu hadi msimu wa kupanda bila kulegea.

"Hiki kinajua kusubiri," bibi alikuwa akisema.

Alinifumbisha macho, akaniwekea kimoja kiganjani, nikitaje. Nikikosea ananicheka kwamba nina mikono ya karani. Mwishowe nikawa sikosei. Mbegu tulizitundika darini, juu ya mafiga, moshi uzipate. Vyeupe alivifunga kwa kamba ya mgomba fundo moja, vyekundu mafundo mawili. Kijiji kizima kilichukua mbegu nyekundu kwake. Mtu akipungukiwa anakuja na kikapu, na akivuna anarudisha, kwa hiyo wengine hawakujisumbua kutunza za kwao.

Basi ikaja miaka ya Ujamaa. Shuleni tulishika jembe kuliko kalamu, na sitasema tulichukia, tuliimba sana. Mwalimu wetu alitoka nchi za pamba huko kanda ya Ziwa, mtu mwema mwenye sauti kubwa, na usafi aliupenda kupita kiasi, kila asubuhi alitukagua kucha. Siku moja akatangaza shamba la shule litapandwa vitunguu saumu, kila mwanafunzi alete mbegu. Bibi akaniambia nichukue vyeupe.

Nikapanda darini, nikafungua mafundo mawili. Mafungu ya vyekundu yalikuwa matatu, nikayachukua yote. Nilitaka mzigo wangu ushinde mizigo ya wenzangu, na nilijidanganya kwamba tukivuna nitarudisha kabla bibi hajajua.

Mwalimu akanisimamisha mbele ya wote. "Huyu ndiye mjamaa wa kweli!" Wakanipigia makofi. Kisha akaagiza tusafishe mbegu kabla ya kupanda, maana zilikuwa na masizi. Watoto wakaanza kuzimenya, punje moja moja, mpaka zikang'aa kama meno. Bibi alikuwa amenionya mara ngapi! "Ganda ni koti lake. Utamvua mtoto koti kwenye mvua?" Nilijua kabisa. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni, na nani angemkosoa mwalimu? Nikakaa chini, nikamenya na mimi.

Masika yakanyesha bila huruma. Baada ya wiki mbili shamba lilinuka uozo. Mwalimu akasema udongo wetu haufai, tukapanda maharage.

Mvua zilipotulia, bibi alipanda darini kuchukua mbegu. Alikaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka aliniuliza jambo moja tu, "Yote?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakunipiga. Alichukua jembe dogo, tukaenda pamoja shamba la shule, tukachimbua kwa jembe na vidole kati ya maharage mpaka jua likazama. Kila punje tuliyoigusa ilipondeka.

Mwalimu alitukuta pale. "Shikamoo bibi, kuna tatizo?"

"Marahaba, baba. Hamna tatizo. Naangalia watoto wanavyolima."

Kesho yake jirani yetu akaja na kikapu chake kama kila mwaka. Bibi akamwambia mbegu nyekundu zimeozea darini. Jirani akadhani ni mzaha. "We mama! Watu husema akiba haiozi, ya kwako imeozaje?" Bibi akajibu kwamba uzee umemfika, alisahau kuwasha moto siku za ukungu. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nasikia kila neno. Wakaja wengine, akawajibu hivyo hivyo.

Baadaye wakaacha kuja. Wakaanza kununua mbegu huko chini Magoma, nyeupe, na ile nyekundu sijaiona tena popote. Watu wa rika langu waliobaki kijijini bado wanamkumbuka bibi. Wanasema alikuwa mkulima hodari, ila mwishoni akawa mzembe, akaozesha mbegu ya kijiji. Hata jioni ile ya Lushoto mdogo wangu kalisema hilo tukiwa tunakula, naye hajui, alikuwa bado hajazaliwa.

Nikaendelea kula.