Bakuli Juu ya Sinia

Harufu ya muhogo wa nazi unaotokota na kipande cha papa ndani yake hunirudisha mpaka leo kwenye ukumbi wa bibi yangu, Mji Mkongwe, Ramadhani moja ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati mchele ulikuwa wa kupanga foleni. Wasichana tulifuturu pamoja, sinia moja mkekani: mimi, Asha jirani yetu, na Rukia, binti wa ami yangu, aliyeletwa kutoka shamba, kijijini Matemwe, aje asome mjini. Rukia alikuwa rika letu, lakini hakutazama mtu usoni, kelele zilimtesa, na kila tulipotia mikono siniani aliondoka akaenda kula peke yake jikoni. Kwetu, kukataa sinia la watu ni tusi. "Anatuona wachafu huyo," Asha alisema, akavimba.

Ami alikuwa ameshatoa shauri lake: Rukia asipozoeana na watu, sikukuu atamrudisha shamba, na skuli basi. Hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda. Kila asubuhi alinisimulia habari za pweza, mwanzo mpaka mwisho, hata nikiwa naoga, yeye amesimama nje ya mlango.

Mimi sina haya ya kuuliza, tangu utoto. Nilimfuata jikoni. "Unatuonea kinyaa?"

"Hapana," alisema, akiangalia miguu yake. "Vidole vingi vikichovya pamoja nnachanganyikiwa, chakula hakipiti. Lakini nnataka kukaa na nyinyi."

Kesho yake nilimtilia muhogo kwenye bakuli, nikaliweka juu ya sinia lenyewe, upande wake. Si pembeni ya mkeka, maana huko huwekewa mgonjwa. Asha akaguna. Bibi akamwambia, "Sinia ni hilo hilo moja. Kula, mwanangu, adhana ishatoka." Rukia alikaa, akala kichwa chini, kisha akachota kipande chake cha papa kwa kijiko na kukiweka mbele ya Asha bila neno. Papa, wakati ule! Asha alinitazama, akakila, na tangu siku hiyo habari za pweza tulizisikiliza wawili.

Sikukuu ami alikuja na kikapu cha kutilia nguo. Alitukuta tumelizunguka sinia.

"Rukia, twende zetu?"

"Mimi nnakaa hapa, baba," alijibu, akionyesha bakuli lake. Ami aliondoka na kikapu kitupu.

Siku hizi kila mtu ana sahani yake, na wataalamu wana majina ya hali kama ya Rukia. Nafurahi, kwani majina hayo yamewaepusha wengi na matusi. Lakini mwaka jana mwalimu wa mjukuu wangu aliniambia kijana hapendi wenzake. Nikamwuliza, "Umemwuliza mwenyewe?" Hakuwa amemwuliza, basi nikamwuliza mimi; jibu lilikuwa lile lile la Rukia. Ramadhani ilipoingia nilimwalika Rukia na vijana wawili wa darasa la mjukuu wangu, nikatandika mkeka, nikateremsha sinia la zamani. Juu yake niliweka mabakuli mawili: la mjukuu wangu, na la Rukia.