Supu Si Chakula

Miezi saba mume wangu alitoa damu chooni, na miezi hiyo yote zahanati moja ya hapa Kitengela ilimtibu amiba. Hakuna aliyemwambia alale kitandani aguswe tumbo. Alieleza, akapewa vidonge, akatoka. Mara ya nne niliingia naye, mtoto mgongoni, nikamwambia yule daktari, "Hiyo amiba yako imezeeka. Andika barua twende mbele."

Barua ilitupeleka Nairobi kwa kipimo cha kamera, mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa nyuma mpaka ndani ya utumbo. Daktari wa huko alisema kama ni saratani, uvimbe haukai mahali pamoja ukingoja. Chembe zake hubanduka, huingia kwenye damu na kutembea.

"Si mpime damu muone kama ziko?"

"Hapa kwetu bado hatuna kipimo hicho. Kwanza tuone uvimbe."

Utumbo ulitakiwa uwe safi kabisa. Siku mbili bila chakula, dawa ya kuharisha, maji matupu.

Mama mkwe alikuja kutoka Kajiado kunisaidia na mtoto. Mimi ni Mkamba, yeye Mmasai. Alipoona mwanawe halambi kitu, akanitania, "Nyinyi Wakamba mmezoea njaa. Kwetu mgonjwa hupewa supu."

"Yeyo, mama, daktari amekataza."

"Amekataza chakula. Supu si chakula, enkerai ai, mwanangu. Ni dawa."

Nikacheka. Mpaka leo nakasirika kwamba nilicheka.

Siku ya mwisho kabla ya kipimo nilienda kazini. Mama mkwe akamchemshia mifupa ya mbuzi na magome ya mti wa olkiloriti, supu nyekundu kama udongo, mafuta yakielea juu. Mume wangu alikunywa, kikombe baada ya kikombe. Mtu mzima, anajua kusoma, karatasi ya maagizo ya daktari iko mfukoni. Alikunywa kwa sababu mama yake ndiye aliyeshika kikombe. Na hakuniambia.

Kamera iliona tope jekundu tu. Daktari alitoka akivua glavu. "Nani amemlisha?"

Nikamwangalia mume wangu. Akaangalia viatu.

Mashine ilikuwa moja na foleni ndefu. Tuliambiwa turudi baada ya wiki sita.

Mara ya pili sikuenda kazi. Mama mkwe alifika na chupa yake ya supu, nikaimwaga mlangoni akiona. Safari hiyo uvimbe ulionekana, ukakatwa. Mwaka uliofuata saratani ilikuwa kwenye ini.

Nilimuuliza daktari chembe zilitoka lini, katika wiki zile sita ama katika ile miezi saba ya amiba. Akasema hakuna anayeweza kujua.

Mama mkwe, ambaye Kiswahili cha kidaktari kilimpita, alikuwa ameketi kando yangu. Akanivuta mkono. "Amesema nini? Ni supu?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Amesema hajui."

"Muulize tena," akasema, bila kuniachilia mkono.

Nikamuuliza tena.