Sungura Aliyebaki Kisimani

Nilipokuwa mtoto, tukikaa ughaibuni, mtaa wa Ilford, Bibi alikuwa na mwiko mmoja: hadithi hazisimuliwi mchana. Mtoto akisikiliza hadithi mchana, mama yake hupotea njia. Mimi nina hasira za karibu tangu zamani. Nilimwambia wazi huo ni uongo. Akacheka tu.

Sasa, majira ya baridi ya mwaka mmoja theluji ilifunga shule. Mama alikwenda Stratford kwa treni, kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee, akatuacha na Bibi. Wadogo zangu pacha waliruka juu ya kochi mpaka likavunjika mguu, kisha wakamwaga unga sebuleni, wakauita theluji. Baada ya chakula cha mchana wote wawili walikuwa wanalia, na jirani wa chini anagonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Bibi akakaa sakafuni, kanga yote unga.

"Ya Rabi, watoto hawa wataniua."

Akainuka, akavuta mapazia.

"Haya, usiku huo. Paukwa!"

"Pakawa!" Pacha wakanyamaza papo hapo.

"Bibi, unamdanganya nani? Mchana huu!"

"Kaa kitako, wakili we." Akaanza hadithi ndefu ya sungura aliyetumbukia kisimani.

Giza la kweli likaingia, Mama hajafika. Simu yake haipatikani. Redio ikasema treni zimesimama. Bibi akaikata hadithi pale pale, sungura yumo kisimani, akafungua mapazia na kuanza kumwita binti yake kwa jina, polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Pacha wakalia upya. Safari hii na mimi.

Mama aliingia tumeshachoka kulia, viatu vimejaa maji. Alikuwa ametembea kutoka Stratford.

"Kote kweupe," alisema. "Nimepotea, Mama. Nimepotea mtaani kwangu mwenyewe."

Bibi alimvua soksi, akaipakata miguu yake.

Ni theluji iliyompoteza Mama, sina haja ya kuzunguka mbuyu. Lakini leo theluji imetufungia tena ndani, mimi na wanangu. Baba yao yuko barabarani na basi lake. Wananipandia kichwani, wanapiga kelele kwa Kiingereza chao, wanadai ile ya sungura. Mkono wangu umeshagusa pazia mara mbili.

Nimewamwagia unga sakafuni, wachezee. Wakilia, walie. Sifungui kinywa mpaka nisikie ufunguo wa baba yao mlangoni.