Mama Hita Hakai Chini Msimu wa Baridi

Ukungu bado umelalia mapaa ya mabati, na Mama Hita ameshalizunguka basi dogo mara kadhaa bila kushika spana. Anachungulia chini ya injini. Anainuka. Anakwenda upande wa abiria, anapapasa zulia la sakafuni, kisha ananusa vidole vyake.

"Kavu," anasema. "Afadhali."

Dereva wa basi hilo, mzee mwembamba aliyevaa masweta mawili na kofia ya sufu, amesimama pembeni akipuliza viganja vyake.

"Dada, siyo kwamba hita imekufa," anaeleza. "Inafanya kazi kivivu tu. Feni inavuma vizuri, lakini upepo wenyewe ni kama mtu anakupumulia shingoni."

"Tangu lini?"

"Tangu nilinunue."

"Na ulilinunua lini?"

"Wakati wa joto."

Mama Hita anamtazama, anaguna, anakwenda kufungua boneti. Katika gereji hii kuna kigoda, kuna benchi, kuna hata kiti cha basi kilichong'olewa na kuegeshwa ukutani kwa ajili ya wateja. Mwandishi wa makala haya alipokaribishwa kukaa, alikaa peke yake. Mwenyeji wake aliendelea kuzungumza huku akitembea.

Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana na kilemba kilichofungwa kwa nguvu ili kisinaswe na feni za injini. Mji wake uko juu mlimani, na kuanzia pale baridi inapoingia hadi inapoisha, kazi yake kubwa ni moja: kurudisha joto ndani ya magari yaliyozeeka. Kuna siku anahudumia magari matano. Jua likirudi, anaweza kumaliza wiki nzima akiziba pancha tu.

Basi hili ana haraka nalo. Mara tatu kwa wiki huwabeba wagonjwa wa figo kutoka mtaa wa juu kwenda hospitali iliyo ng'ambo ya mlima, ambako husafishwa damu kwa mashine. Safari ni ya kesho asubuhi, na gari jingine halipo.

"Wakati wa kwenda wanavumilia," dereva anasema. "Kurudi ndiyo shida. Wanatetemeka mpaka viti vinatetemeka."

Mama Hita anaanza na kile anachokiita kuuliza maji. Injini ikiwa bado ya baridi, anafungua mfuniko wa rejeta na kutazama ndani. Maji yamepungua. Hita ya gari, anaeleza, haina moto wake yenyewe. Inakopa joto la injini. Maji ya moto hutoka kwenye injini, hupita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, na feni hulipuliza joto hilo ndani ya gari. Zulia likiwa limelowa na kunuka utamu utamu, ujue rejeta hiyo inavuja. Likiwa kavu, tafuta kwingine.

Anaongeza maji, anawasha injini, anangoja. Kungoja kwenyewe ni kwenda na kurudi kati ya boneti na usukani. Kisha anashika mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta ulio kati ya injini na dashibodi, mmoja kwa kila mkono.

"Shika," anamwambia dereva.

Dereva anashika. Wa kwanza unamfanya auachie haraka. Wa pili anaushika kwa raha zake.

"Huu unapeleka, huu unarudisha," Mama Hita anasema. "Maji ya moto yanaingia, halafu hayatoki. Rejeta ndogo imeziba."

Imebaki kuangalia matundu ya hewa ya viti vya nyuma. Anafungua mlango wa nyuma wa basi, anapanda, na hapo anasimama ghafla.

Chini ya kiti cha mwisho kuna jiko dogo la mkaa. Limefungwa kwa waya kwenye mguu wa kiti lisiyumbe. Ndani yake mna majivu.

Anafungua ule waya, anashuka na jiko mkononi, anakwenda nalo hadi kwenye bomba na kulimwagia maji ingawa halina moto.

"Hili nani kaliweka?"

"Abiria wenyewe walichanga," dereva anajibu, naye ameshaona kuwa jambo limeharibika. "Tumelitumia juzi, kidogo tu. Bibi mmoja alikuwa amekufa ganzi. Tukafunga madirisha, likasaidia."

"Likasaidia."

"Walisinzia vizuri, dada. Mmoja alilalamika kichwa kinamgonga, lakini ule ni ugonjwa wake."

Mama Hita anageuka na kuita jina la utani la nyumbani, lile ambalo wake huwaitia waume zao kupitia watoto. "Baba watoto, njoo."

Mwanamume aliyekuwa akipanga chupa tupu za mafuta kwenye kona anaacha kazi yake, anakuja polepole. Ni mrefu, mabega mapana, mikono inayotetemeka kidogo. Anaona jiko chini ya bomba. Anamtazama dereva.

"Mimi nililala nalo," anasema. "Kwenye lori. Niliwasha, nikafunga vioo, nika..."

Anakwama. Midomo inacheza lakini neno halifiki. Mkewe anangoja, kisha anamalizia kwa sauti ya chini.

"Akafunga vioo, akalala."

Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Siku hiyo barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa kwa maporomoko ya udongo, malori yakapanga foleni kusubiri. Hita ya lori lake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo wa baridi, na tajiri wake alishasema hita si breki, gari liendelee na kazi. Akaingiza jiko ndani ya kebini. Barabara ilipofunguliwa, malori ya mbele yalisogea, lake halikusogea. Dereva wa nyuma alipiga honi, akachoka, akashuka kwenda kutukana. Ndiye aliyevunja kioo.

"Moshi wa mkaa ambao huuoni ndio mbaya," Mama Hita anasema. "Haukuamshi. Unakubembeleza."

Mumewe alipona, lakini si mzima mzima. Anakumbuka barabara zote alizowahi kupita na kusahau kama amekunywa chai. Sentensi humtoroka katikati. Hakushika tena usukani.

Mkewe wakati huo alikuwa muuzaji katika duka la vipuri. Alikuwa akiyajua majina ya vyuma, si kazi zake. Lori liliporudishwa, alikwenda gereji ya tajiri na kumwomba fundi aifungue hita mbele ya macho yake. Alitaka kuona kitu kilichomharibia mume.

"Nilidhani nitaona kitu kikubwa," anasema. "Ilikuwa koki. Koki ya maji ya hita imeshikana na kutu, haifunguki. Yule fundi aliibana kwa plaizi, akaizungusha, joto likaja. Pale pale. Nilitoka nje nikatapika."

Anasema tangu hapo hapoi wala haboi. Aliacha duka akaenda kujifunza kwa fundi yuleyule, akiwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzake wote, wakamcheka mpaka wakachoka. Baridi ikianza kuuma, usingizi wake huwa wa mang'amung'amu. Akisikia lori limepaki barabarani, anajiuliza ndani mna nini.

"Wenzangu wananiambia, mama, tulia," anasema huku akilegeza kibano cha mpira wa kwanza. "Nitulie wapi?"

Dereva amesikiliza yote akiwa ameshika kofia yake mkononi. Anaokota jiko lililolowa na kulitupa mwenyewe kwenye rundo la vyuma chakavu. Kisha anakunja mikono ya masweta yote mawili, anauliza asaidie wapi.

Wanachomoa mipira yote miwili na kuingiza maji ya bomba kwa upande wa kutokea, kinyumenyume, ili uchafu urudi ulikotoka. Yanatoka maji ya rangi ya udongo, yakifuatwa na vipande vya kutu na nyuzi za kitu ambacho hakuna anayekitambua. Wanarudia mpaka yanatoka meupe. Mama Hita anajaza maji mapya yenye dawa ya kuzuia kutu, anapandisha pua ya gari kwenye kilima kidogo nje ya lango, na kuacha mfuniko wazi injini ikinguruma ili hewa iliyonaswa itoke. Mapovu yanapanda, yanapasuka, yanakwisha.

Hita inapuliza moto. Dereva anacheka, anataka kulipa aondoke.

"Bado," Mama Hita anasema. "Twende barabarani."

Anajua anachokitafuta. Gari likiwa limesimama, joto ni zuri. Linaposhika kasi kwenye mteremko, mshale wa joto la injini unaanza kushuka, na upepo wa hita unapoa nao. Wanarudi gereji, anafungua pale panapokaa themostati, kile kidude kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto. Ndani hamna kitu.

"Waliing'oa," anasema. "Gari hili limetoka kwenye joto. Huko wanaing'oa wakidhani injini itapoa vizuri. Ukilileta huku, kutwa nzima haliwezi kupata moto wa kukopesha."

Saa zilizobaki za mchana anazimaliza kwa miguu, akitafuta themostati. Duka la kwanza wana ya gari jingine. La pili wanasema waje wiki ijayo. Anaipata kwa muuza vyuma chakavu, ndani ya injini iliyokufa, na hamwamini. Anaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwake na kuchochea moto. Maji yanapokaribia kuchemka, kidude kinajifungua taratibu. Anakitoa, kinapoa, kinajifunga. Hapo tu ndipo anapokubali kukifunga kwenye basi, giza likiwa linaingia.

Asubuhi inayofuata mwandishi anasafiri na wagonjwa. Mama Hita naye yumo, ingawa hakuna aliyemwomba. Kwenda na kurudi, hakalii kiti. Anapita katikati akiweka kiganja kwenye kila tundu la hewa, akiinama kuutazama mshale, akiuliza huyu anasikiaje, yule miguu yake ikoje.

Kwenye safari ya kurudi, bibi aliyeshona nguo za shule miaka mingi kabla ya figo kumsumbua anafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Ndiye yule aliyekufa ganzi siku ya jiko.

"Damu ikitoka kwenye ile mashine inarudi na baridi yake," anasema. "Leo nimefika hapa mlimani na vidole vyangu ninavyo. Mwanangu, sasa kaa, unanitia kizunguzungu."

Abiria wanacheka. Mama Hita anacheka pia, anakaa, na kabla ya kona inayofuata ameshainuka kuangalia tundu la dereva.

Jumamosi ijayo anataka kwenda penye maegesho ya malori, chini ya mji, kabla baridi haijakaza. Mwenyekiti wa madereva ameshampa ruhusa. Hatarajii kutengeneza kila hita, na hatamtoza mtu kwa kumwonyesha. Anataka kila dereva ashike mipira miwili kwa mikono yake na ajue maana ya kile anachokisikia kiganjani.

"Akijua hilo, atamkaba tajiri wake hita itengenezwe. Akishindwa kabisa, basi ajifunike mablanketi. Jiko libaki nje."

Kinachomnyima raha ni jambo moja. Mumewe hajakanyaga penye malori tangu alipotolewa kwenye lake. Alimwomba waende pamoja, naye akasema atafikiria. Hakumuuliza tena.

Wanapofika gereji alasiri, mume anamsubiri langoni. Amenyoa ndevu. Koti lake la zamani la udereva linaning'inia kwenye kamba, limefuliwa, linachuruzika maji.

"Mama watoto, Jumamosi tunakwenda," anasema. "Nitawaambia mwenyewe. Na nikipoteza neno katikati, usinisaidie. Waache waone."